Tarakilishi za Ujima: Sidii Moja, Mashine Nyingi

Mwanafunzi wa fasihi anayetaka kuhesabu ni mara ngapi taswira fulani inajitokeza katika riwaya moja hahitaji zaidi ya kalamu, daftari na subira. Mambo hubadilika anapokabiliwa na kopasi. Toleo la kwanza la Kopasi ya Kiswahili ya Helsinki, iliyotokana na juhudi za Arvi Hurskainen, lilikuwa na maneno yapatayo milioni 12.5. Kutafuta neno moja humo ni kazi ya muda mfupi. Kulinganisha kila sentensi na kila sentensi nyingine, ili kubaini mitindo inayokaribiana, ni kazi ya aina nyingine kabisa, kwani sentensi zikiongezeka maradufu, kazi huongezeka takriban mara nne. Tarakilishi moja ya mezani yaweza kukesha juma zima na jibu lisipatikane. Ilhali katika maabara iyo hiyo, aghalabu, zimo mashine nyingine ishirini zilizozimwa usiku kucha.

Wazo la kuziunganisha mashine za kawaida ili zishirikiane si geni. Mwaka 1994 Thomas Sterling na Donald Becker, katika kituo cha Goddard cha NASA nchini Marekani, waliunganisha vichakato 16 vya bei nafuu kwa nyaya za Ethernet na kuupa mradi wao jina la Beowulf. Jina hilo ni la shujaa wa utenzi wa kale wa Waingereza. Si mara nyingi wahandisi hubisha hodi kwa wanafasihi, basi na wakaribishwe. Mkusanyiko wa namna hii huitwa klasta. Wapo watakaopendekeza kichala au kishada, ila zabibu za kichala kimoja hazisaidiani kitu. Ujima unakaribia zaidi: shamba ni moja, majembe ni mengi, na kila mtu ana mstari wake wa kulima.

Kikwazo cha ujima huu ni umiliki. Maabara ya chuo ni ya wote, na hakuna msimamizi atakayekubali mfumo wa mashine ishirini ufutwe kwa ajili ya tasnifu ya mtu mmoja. Hapo ndipo umuhimu wa sidii hai unapodhihirika. Klaus Knopper, Mjerumani, alitoa Knoppix mwaka 2000 au karibu na hapo, na ndiyo iliyoueneza mtindo huu kwa umma. Mashine huwashwa kutoka kwenye sidii badala ya diski kuu, mfumo hujitambulisha kwa vifaa vilivyomo, kisha hufanya kazi ndani ya kumbukumbu ya muda. Diski kuu haiguswi. Sidii ya megabaiti 700 iliweza kubeba takriban gigabaiti mbili za programu, kwa kuwa zilikuwa zimebanwa na kufunguliwa kipande kwa kipande zinapohitajika. Asubuhi sidii hutolewa, mashine huwashwa upya, na mwanafunzi wa kwanza kuingia hajui kwamba kulikuwa na wageni usiku.

Damn Small Linux ulikwenda mbali zaidi, ukajiwekea kikomo cha megabaiti 50. Wepesi huo haukuwa ubahili mtupu. Mfumo mdogo huweza kupakiwa wote katika kumbukumbu, ukaacha nafasi ya kutosha kwa kazi yenyewe hata katika mashine kuukuu.

Kuirekebisha sidii kama hiyo kunafanana na kazi ya mhariri kuliko inavyodhaniwa. Faili kuu iliyobanwa hunakiliwa kwenye diski na kufunguliwa. Mrekebishaji huingia ndani yake kana kwamba ndiyo mashine anayoitumia, kisha hupunguza. Michezo huondolewa, programu za ofisi huondolewa, pamoja na mapambo ya kioo. Nafasi inayopatikana hutiwa maktaba za MPI, kaida iliyotolewa mwaka 1994 inayoziwezesha programu kupelekeana ujumbe kati ya mashine na mashine. Mwishowe yote hubanwa upya na kuchomwa kwenye sidii mpya. Kosa dogo la faili moja hutosha kuizuia sidii isiwake, na kazi ikaanza tena mwanzo.

Ustadi zaidi umo katika kuondoa haja ya sidii ishirini. Mashine moja, kiongozi, huwashwa kwa sidii. Nyingine huwashwa kupitia waya wa mtandao: huuliza anwani, kiongozi huzijibu, huzipelekea kiini cha mfumo, kisha huzigawia faili zake. Michael Creel, mwanauchumi wa Universitat Autònoma de Barcelona nchini Uhispania, alitengeneza ParallelKnoppix kwa utaratibu huu, na baadaye PelicanHPC iliyojengwa juu ya Debian. Inafaa kutaja kwamba hakuwa mhandisi aliyetafuta wateja. Alikuwa mtafiti mwenye hesabu ndefu na maabara iliyolala usiku. Tahadhari moja ni ya lazima. Kiongozi huyu asiunganishwe na mtandao mkuu wa chuo, kwani ataanza kugawa anwani kwa kila atakayeuliza, na jengo zima litamlaani.

Njia nyingine ilivutia zaidi lakini haikudumu. openMosix, uliotengwa na MOSIX na Moshe Bar mwaka 2002, uliwezesha kazi kuhama yenyewe kutoka mashine iliyolemewa hadi iliyo na nafasi, na ClusterKnoppix ikauleta katika sidii hai. Mwaka 2007 Bar alitangaza kwamba mradi ungefungwa Machi 2008, kwa sababu vichakato vyenye viini vingi vilikuwa vinapunguza haja yake. Walioandika programu zao kwa MPI hawakuathirika, maana MPI ilikuwa kaida yenye watekelezaji kadhaa, nao openMosix ulitegemea watu wachache na kiini cha Linux kisichokoma kubadilika. Mwanafunzi mwenye miaka miwili ya kumaliza shahada hana budi kulipima jambo hilo kabla ya kuchagua.

Wala mashine ishirini hazileti kasi mara ishirini. Gene Amdahl alilieleza hilo mwaka 1967: sehemu moja ya kumi ya kazi isipogawika, kasi haitazidi mara kumi hata mashine ziwe elfu. Wamenyaji viazi wawe mia, sufuria ya pilau bado ina wakati wake. Kwa bahati, ulinganishaji wa sentensi hugawika vizuri mno, maana kila mashine hupewa fungu lake na haimhitaji jirani mpaka mwisho.

Siku hizi vitundu vya sidii vinatoweka katika tarakilishi, na mfumo ule ule huwekwa kwenye flashi. Hatari ya umeme haijatoweka. Kilichomo katika kumbukumbu ya muda hufutika mara tu taa zinapozimika, na kwa kuwa diski kuu haiguswi, hakuna mabaki. Programu ya ulinganishaji sharti iandike matokeo yake kwenye flashi ya kiongozi kila baada ya dakika kadhaa, pamoja na namba ya fungu la mwisho lililokamilika, ili umeme ukirudi ianzie hapo.