Huruma ya Muuguzi Hupimwa kwa Nini?

Homa ya mgonjwa ina kipimo chake, na damu yake vilevile. Lakini huruma ya yule anayemwuguza, je, itapimwa kwa chombo gani? Swali hili, ndugu wasomaji, si la mchezo, maana sisi sote siku moja tutalala mikononi mwa muuguzi.

Huko Marekani, Darlene Weis na Mary Jane Schank wa Chuo Kikuu cha Marquette, mjini Milwaukee, walitunga karatasi ya maswali ili kupima maadili ya kazi ya muuguzi. Ile iliyotengenezwa upya na kutolewa mwaka 2009 ina maneno 26, yaliyotokana na kanuni za chama cha wauguzi wa nchi ile. Muuguzi husoma kila neno, kisha huchagua namba, toka 1 hata 5, kuonyesha analiona kuwa kubwa kiasi gani. Ni kazi ya heshima. Lakini ni muuguzi gani atakayeandika kwamba siri ya mgonjwa si kitu?

Tena huruma haina sura moja. Katika hospitali nyingi za Kongo, ndugu wa mgonjwa ndio wampikiao na kumwogesha, nao hulala chini karibu na kitanda chake. Kwetu, muuguzi mwema ni yule asemaye vema na ndugu hao pia, asiwafukuze kama mbuzi.

Tukumbuke na Yambuku, mwaka 1976, ugonjwa wa Ebola ulipozuka huko. Katika hospitali ile ya misioni, kila asubuhi wauguzi walipewa sindano tano tu kwa kazi ya siku nzima. Sindano iliyotoka kwa mgonjwa mmoja ilisuzwa kwa maji ya vuguvugu, ikaingia mwilini mwa mwingine. Watu 318 waliugua, 280 wakafa. Kati ya watumishi 17 wa hospitali, walikufa 11. Kama wangaliulizwa juu ya huruma, sisi twaamini wangaliandika 5 bila uongo wowote. Karatasi isingalizihesabu sindano. Wala isingaliandika kwamba waliendelea kuwauguza wagonjwa mpaka wao wenyewe wakashikwa.

Basi sisi tungependa kipimo kinachotazama kama sindano mpya imefunguliwa mbele ya mgonjwa, kisha kimwulize yule mama alalaye sakafuni: usiku wa manane ulipomwita muuguzi, alikuja?