Picha 25 kwa Sekunde

Ndugu wanafunzi, wengi wenu mnaokaa ukumbi wa juu mmetuuliza picha ya ubao inafikaje kwenye televisheni yenu. Jibu limo katika kisanduku kilicho chini ya meza: bodi ya zamani yenye prosesa TMS320DM642 ya Texas Instruments. Sisi tulioandika programu yake tunawaeleza, maana wadogo zetu ndio watakaoitunza.

Prosesa hiyo ina milango mitatu ya video. Mmoja tumeupa kamera, wa pili televisheni. Fremu moja ya PAL ina pikseli 720 kwa mistari 576, na kila pikseli huchukua kwa wastani baiti 2, jumla baiti 829,440. Televisheni inadai fremu 25 kila sekunde, nayo haijui kusubiri. Mlango wenyewe una foleni ya baiti 5120 tu, yaani mistari mitatu na nusu hivi. Anayeijaza ni mchukuzi aitwaye EDMA, anayebeba data kutoka kumbukumbu kuu bila kuisumbua prosesa. Akichelewa, foleni inakauka na picha inavurugika. Kwa hiyo tuliweka bafa tatu: moja inaonyeshwa, moja imejaa inangoja zamu, moja inaandikwa.

Hata hivyo, picha ilitoka na vijistari vya fremu iliyopita. Tulizozana siku tatu. Huyu alisema ni waya, yule kamera. Zilibaki siku mbili darsa lianze, na wenzetu wa juu hawakuwa na njia nyingine ya kuuona ubao. Tukaichomoa kamera, tukaamuru prosesa ipake skrini nzima nyeupe, kisha nyeusi. Vijistari vikabaki! Tukavipima: kila kimoja kilianza na kuisha kwenye vipande vya pikseli 128. Waya hauna hesabu kama hiyo, ila kashe ya prosesa inayo, kwani huhifadhi data kwa mafungu ya baiti 128.

Basi mambo yalikuwa hivi: prosesa ikikoleza chaki, huandika kwenye kashe yake, naye EDMA husoma kumbukumbu kuu. Ni kama mwalimu aliyesahihisha nakala ya mkononi, tarishi akachukua ile ya kabatini. Dawa yake ni agizo moja, CACHE_wbL2, linalorudisha maandishi kwenye kumbukumbu kuu kabla ya bafa kukabidhiwa. Usiku ule picha ilitulia.

Tafadhali msikizibe kisanduku kwa mikeka, kinapata moto. Anayetaka kujifunza lugha ya C aje Alhamisi baada ya Alasiri, na daftari lake.