Saa Haikumjua, Sisi Tulimjua

Mwezi uliopita tulikutana msitu wa Karura, sisi sita tuliokimbia mbio za nyika pamoja chuoni. Sasa tunakaribia miaka thelathini: vitambi, watoto, kazi za kukaa kutwa.

Kila mmoja alivaa saa ya kupima mapigo ya moyo. Hufanyaje kazi? Saa humulika ngozi kwa taa ya kijani, ikasoma mwanga unaorudi kadiri damu inavyopita. Kiwango cha juu, nyingi hukadiria kwa 220 kutoa umri. Miaka 28 ni 192. Hayo ni makadirio tu.

Basi yule aliyekuwa akituacha sote nyuma alisimama kwenye kilomita ya tatu. Saa yake ilisema mambo sawa. Sisi tulijua si sawa. Huyu hakuwahi kusimama hata mlimani. Tukamkalia mpaka akasema: ana presha, na dawa ameacha. Hata mkewe hajui.

Tulitembea naye hadi langoni. Jumatatu wawili wetu tukampeleka kliniki. Tumekubaliana kukimbia kila mwezi, na mwendo ataamua yeye.

Wewe je, wenzako wa zamani umewapigia simu lini?