Nilijua Yuboti Zimechomelewa

Yuboti za gari langu, zile boliti zinazofunga springi kwenye ekseli, zilichomelewa nikiwa nimesimama palepale gereji, nikitazama cheche zikiruka. Hakuna aliyenificha kitu. Naanza na hilo kwa sababu kwa karibu mwaka mzima niliwaambia watu habari nyingine. Dada yangu nilimwambia breki zilikatika ghafla. Jirani zangu wa Kilwa Masoko niliwaambia fundi alinifungia vyuma vibovu bila mimi kujua. Yote mawili ni uongo, na huo wa pili umemharibia mtu jina.

Gari lenyewe ni Toyota Hilux ya zamani, kabini moja, injini ya dizeli ya 3L, ile yenye springi za majani mbele na nyuma. Ndilo linalonilisha. Msimu wa machungwa napanda Kipatimu kuyafuata na kuyashusha Somanga na Nangurukuru, kwenye barabara kuu, ambako magari ya Dar es Salaam, Lindi na Mtwara husimama. Msimu wa ufuta nazunguka mashambani upande wa Njinjo, nachukua magunia ya wakulima na kuyafikisha kwenye ghala la chama chao cha ushirika, AMCOS, yakasubiri mnada. Anayeijua njia ya kutoka Njia Nne kupanda Kipatimu hahitaji kuelezwa. Hiyo ni milima ya Wamatumbi, ileile ambayo Nandete yake iliwasha Vita vya Majimaji Julai 1905. Ni kupanda na kushuka, kona juu ya kona, na mvua ikinyesha udongo unageuka sabuni.

Mwaka 2024 mvua zilituonea. Masika yalikuwa mazito tangu mwanzo, kisha mwanzoni mwa Mei kikaja Kimbunga Hidaya. Barabara kuu ilikatika eneo la Somanga na Kusini tukatengwa na Dar es Salaam kwa siku kadhaa. Hiyo ya lami ilitangazwa kwenye redio na ikashughulikiwa. Za vijijini zilibaki kama maji yalivyoziacha. Malori yalipoanza kupita tena yalichimba mifereji miwili mirefu, na katikati ukabaki mgongo wa udongo uliokauka ukawa mgumu kama saruji. Hilux yangu ilikuwa inapita humo ikiburuza tumbo. Kila safari nilisikia chuma kikisaga chini yangu, na kila nikirudi nilikuta difu, iliyo kwenye ekseli, imekwaruzwa upya.

Nikaamua kuinyanyua.

Nilipata ushauri wa aina mbili. Fundi mmoja mtu mzima alilala chini ya gari, akagonga springi kwa spana, akaniambia: "Hizi springi zako zimelala. Gari halijawa fupi, umelilaza mwenyewe kwa mizigo." Alinishauri ninunue majani mengine ya nyuma kutoka Dar es Salaam, na yuboti mpya na bushi zake. Tulipopiga hesabu ilifika shilingi 780,000. Fundi wa pili, kijana hodari wa kuchomelea, aliniambia kwa 220,000 atalipandisha sentimita kumi kwa siku moja. Angekata bomba la chuma la mraba vipande vinne, kila kimoja urefu wa sentimita tano kwenda juu, aweke viwili viwili kati ya springi na ekseli ya nyuma. Mbele angefunga shakoli ndefu za kujitengenezea, vile vyuma vinavyoshika ncha ya springi kwenye chesisi. Yuboti za zamani zisingefika, kwa hiyo angezikata na kuziongeza nondo kwa kuchomelea.

Kijana huyo aliniambia jambo moja ambalo katika masimulizi yangu nililimeza kila mara. Alisema: "Kaka, yuboti ndefu zinauzwa. Ukiagiza zitafika kesho kutwa. Hizi za kuunga mimi sizipendi." Nikamjibu achomelee, machungwa hayangoji kesho kutwa.

Nisiseme ilikuwa fedha peke yake. Hapo Nangurukuru, njia inapochepuka kwenda Liwale, hupita magari marefu ya watu wa kutoka Dar es Salaam waendao porini, yamenyanyuliwa, tairi pana, na watoto huyakimbilia. Nilitaka langu lionekane hivyo. Nilitaka nikishuka Somanga watu wageuke. Tamaa hiyo ilinifumba macho kuliko bei ilivyonifumba.

Baba yangu mkubwa, nahodha mstaafu aliyevuka maji ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara tangu ujana wake, aliliona gari siku ile lilipotoka gereji. Alilizunguka mara mbili, hakulisifu. Akaniuliza: "Mwanangu, farumi umeiweka wapi?" Kwa asiyejua, farumi ni mzigo wa mawe au mchanga unaowekwa chini kabisa ya jahazi ili lisipinduke. Chombo ukikipandisha juu, sharti uzito wake mkubwa ubaki chini. Nilimjibu kwamba gari si jahazi. Hakuongeza neno.

Sasa nieleze kosa la kwanza, ambalo hata kama hakuna aliyeumia lingebaki kosa. Safari ya kwanza baada ya kunyanyua nilipita mahali palepale, kwenye mgongo uleule, nikasikia mlio uleule. Difu ilikuwa bado inasaga udongo. Nilishuka, nikachuchumaa, nikaona bodi imekwenda juu vizuri sana na difu ipo palepale ilipokuwa. Ingekuwa wapi kwingine? Vile vipande vya bomba vilikaa juu ya ekseli, vikaisukuma bodi. Ekseli yenyewe imeshikwa na magurudumu, na kitu pekee kinachoiinua kutoka ardhini ni tairi kubwa zaidi. Nilikuwa nimelipa kupandisha kile ambacho hakikuwa kinagusa chini. Nilielewa siku hiyohiyo, nikiwa nimechuchumaa barabarani. Ningegeuza gari, nikarudi gereji na kuvua vyuma vile, habari ingeishia hapo. Nilipanda nikaendelea, kwa sababu nilishapiga picha na kuwatumia watu.

Dalili zilikuja mapema. Usukani ulianza kutangatanga. Zamani nikikata kona ulirudi wenyewe. Sasa ilinibidi niurudishe kwa mikono. Zile shakoli ndefu zilikuwa zimeinamisha ekseli ya mbele, na pembe inayoyafanya magurudumu yajinyooshe ilikuwa imepotea. Kwenye breki ilikuwa mbaya zaidi. Hilux hizi zina valvu ndogo iliyofungwa kwenye chesisi, na mkono wake wa chuma unakwenda hadi kwenye ekseli ya nyuma. Kazi yake ni kupima mzigo. Gari likiwa tupu bodi inakuwa juu, valvu inabana mafuta ya breki ya nyuma ili magurudumu yasikwame na kuteleza. Likipakiwa, bodi inashuka, valvu inafungua, breki ya nyuma inapata nguvu. Mimi niliipandisha bodi sentimita kumi na mkono ule haukurekebishwa. Kuanzia siku hiyo, hata nikipakia machungwa hadi pomoni, valvu iliamini gari halina kitu. Breki za mbele zilibeba kazi ya magurudumu yote manne.

Haya ya valvu sikuyajua wakati ule. Lakini kwamba gari halishiki nilijua. Mpwa wangu, mtoto wa dada, ndiye aliyekuwa utingo wangu, na aliniambia tukishuka Kipatimu safari ya tatu: "Mjomba, gari linapelekwa na mlima." Nikamwambia atazoea.

Ilikuwa Juni, asubuhi, barabara kavu. Hilux ile haitakiwi kubeba zaidi ya takriban tani moja. Siku hiyo nilikuwa nimepakia tani moja na nusu au zaidi. Ndani nilikaa na kina mama wawili wenye sehemu ya mzigo. Mpwa wangu alikuwa juu ya matenga. Ndiyo, mimi ndiye niliyemwambia apande juu, kwa kuwa ndani pamejaa. Tulianza mteremko mmoja mrefu kabla ya Njia Nne. Nilikanyaga breki mara kadhaa, nikasikia harufu ya kuungua, pedali ikawa ngumu na gari halishiki. Nikarudisha gia. Gari likapunguza kidogo, tukaingia kwenye korongo dogo linalokata barabara, na hapo nikasikia mlio kama bunduki.

Baadaye, gari lilipovutwa, niliona kilichotokea. Bomba la mraba ndani ni tupu. Kwa uzito ule na mitikisiko ile lilikuwa limeminyika, na lilipominyika yuboti zikalegea. Ekseli ikaanza kucheza, ikipinda kila nikishika breki. Chuma cha yuboti kiwandani hupikwa ili kiwe kigumu na bado kiweze kuvutika. Moto wa kuchomelea unakiharibu pembeni mwa kiungo, kinakuwa kama kigae. Hakipindi kwanza ili kikuonye. Kinakatika tu. Yuboti mbili za upande wa kushoto zilikatika palepale kwenye kiungo, ekseli ikarudi nyuma upande mmoja, gari likajigeuza lenyewe kuelekea ukingo wa barabara na kulala ubavu. Mzigo ulikuwa juu mno na farumi hapakuwa nayo.

Kina mama waliumia kidogo, mmoja alichanika mkono. Mpwa wangu alirushwa na matenga yakamwangukia. Alivunjika mtulinga na mfupa wa mkono wa kushoto. Alikuwa na umri wa miaka kumi na tisa. Nilimkuta amekaa katikati ya machungwa, amejishika bega, na jambo la kwanza alilosema ni kuniuliza kama mimi nimeumia.

Nimeandika sentensi hiyo nikaiacha siku mbili kabla ya kuendelea.

Hospitali dada yangu alikuja akiwa hana hata viatu miguuni. Aliniuliza: "Kaka, imekuwaje?" Uongo ulinitoka bila kuutafuta: breki zimekatika, Mungu amependa. Nilimsingizia Mungu mbele ya mama wa mtoto. Wiki iliyofuata, watu walipoanza kuuliza kuhusu vile vyuma, nikamtupia kijana wa gereji. Wateja wakapungua kwake. Hakuja kunigombeza. Alipunguza tu salamu, na mimi nikatumia ukimya wake kama ushahidi kwamba ana hatia.

Gari langu lilikuwa na bima ya mtu wa tatu tu, na bima hiyo hailipi gari lako. Matibabu, bodi, kioo, machungwa ya watu, vyote pamoja vilipita milioni nne. Tofauti ya bei iliyonifanya nichague bomba ilikuwa 560,000.

Nilipopata fedha za kuliamsha gari nilikwenda kwa yule fundi mtu mzima. Alinifungia springi alizozitaja tangu mwanzo, yuboti mpya zisizo na kiungo, bushi mpya, shakoli za asili. Gari likarudi kwenye kimo lilichotoka nacho kiwandani, na kumbe hicho ndicho nilichokuwa nakikosa miaka yote: springi zilizolala zilikuwa zimekula karibu sentimita tano. Kisha tukaacha tairi za 205R16 tukaweka 7.00-16, nyembamba na ndefu zaidi. Difu ikapanda kama sentimita mbili, za kweli, kutoka ardhini. Alinionya kwamba tairi kubwa linadanganya spidomita: ikisoma 80, ujue uko karibu 85, na breki zinahitaji nafasi zaidi. Akarekebisha mkono wa valvu huku mimi nikimmulikia tochi. Sasa nikipita kwenye ile migongo nagusa mara chache, na nikiona mgongo mrefu napandisha gurudumu moja juu yake badala ya kuuweka katikati. Hilo la mwisho halina gharama, na madereva wa malori wa Liwale walikuwa wanalifanya mbele ya macho yangu siku zote.

Mwezi uliopita nilimchukua dada yangu na mpwa wangu, tukaenda gereji kwa yule kijana. Nilisema mbele yao yote niliyoyaandika hapa, pamoja na maneno yake kuhusu yuboti za dukani. Dada yangu alilia. Kijana alinisikiliza hadi mwisho, akasema na yeye alikosea kwa kukubali kuchomelea, na tangu ajali ile hajaunga yuboti ya mtu yeyote. Mpwa wangu mkono wake umeunga, ila hawezi kuinua tenga juu ya bega. Kazi ya utingo ameiacha.

Nawaomba wenye pikapu wenzangu wa Kipatimu, Njinjo, Mchinga na Liwale: kabla hamjapakia kesho asubuhi, laleni chini ya gari na tochi. Ukikuta alama ya kuchomelea kwenye yuboti, au bomba tupu kati ya springi na ekseli, usipakie tenga hata moja, na usimwambie mtoto wa mtu apande juu.