Dodoma kwa Wawili: Mchana Mvinyo, Usiku Muziki

Ukisikia safari ya mvinyo, najua mawazo yako yanakimbilia Ufaransa, Italia au Cape Town. Tulia kwanza, mpenzi msomaji. Kama uko Dar, mashamba ya zabibu yako kilomita 450 hivi kutoka kwako, na tangu 2024 treni ya umeme inakufikisha Dodoma kwa saa chache tu. Mimi na shemeji yenu tuliipanda Ijumaa moja ya Agosti, na raha tuliyoipata si ya kusimuliwa.

Kwa nini Agosti? Ni msimu wa mavuno. Kule Ulaya mzabibu hulala wakati wa baridi, ukazaa mara moja kwa mwaka. Dodoma hakuna baridi ya kuulaza, hivyo mkulima akiupogolea vizuri anavuna mara mbili: mwanzoni mwa mwaka, kisha tena Agosti na Septemba. Walioanzisha ni wamisionari Wakatoliki kutoka Italia, waliotaka divai ya misa pale Bihawana. Leo mizabibu utaiona Mpunguzi, Hombolo na Makutupora.

Jumamosi asubuhi tulianzia kiwandani. Pigeni simu kabla, maana si baa ya kuingia tu. Pale ndipo nilipoelewa mambo: mvinyo mwekundu huchachushwa pamoja na maganda ya zabibu, ndiyo maana una ile rangi na ukakasi mdomoni. Mweupe hukamuliwa juisi kwanza, maganda yakawekwa kando. Chachu ikila sukari yote unapata mkavu; ikibaki sukari, unapata mtamu. Mimi ni wa mtamu, shemeji yenu ni wa mkavu. Miaka sita ya ndoa na bado tunaagiza chupa mbili! Siri ya kuonja ni funda dogo, maji mengi na chakula tumboni. Ukitaka kutema, tema, hakuna atakayekucheka.

Kisha tukapita shambani. Mama mmoja mkulima alitukatia kichala, akasema, "Zabibu ikishaiva, wanangu, haisubiri mtu." Ni kweli. Kwa joto lile, siku chache tu inaharibika. Asipopata mnunuzi haraka, jasho la msimu mzima limepotea, na kilio cha soko kwa wakulima wa Dodoma si cha jana wala juzi. Huku nasi mjini, tukitoka mtoko, tunaagiza ya Afrika Kusini bila hata kuangalia kama ya nyumbani ipo. Simlazimishi mtu. Onja kwanza, ndipo uikatae.

Jioni? Jumamosi ni siku ya mnada wa Msalato, barabara ya Arusha. Nyama choma ya kule, kachumbari na pilipili pembeni, acha kabisa! Baadaye tukarudi mjini kujirusha. Dodoma ya sasa si ile ya kulala saa mbili usiku. Kuna bendi, kuna disko, na Bunge likiwa linaendelea mji unafurika, hivyo wekeni chumba mapema. Sisi tulikuwa na masharti mawili: simu zikae kwenye mkoba, na hakuna kugusa usukani. Teksi ilitupeleka, teksi ikaturudisha. Tulicheza mpaka miguu ikagoma, na tukaongea kuliko tunavyoongea mwezi mzima kwenye foleni za Dar.

Jioni za Dodoma zinapoa, kwa hiyo beba sweta, dada, na viatu bapa vya shambani. Mkirudi, siku mkitoka tena wawili, muulizeni mhudumu: "Ya Dodoma mnayo?" Kama leo hana, tukimuuliza wengi, kesho ataitafuta.