Boflo, Mbatata na Diski C

Boti ilipofunga Mkoani, miguu yangu ilikuwa bado inayumba. Bahari baina ya Unguja na Pemba haina huruma na mtu aliyezoea kuning'inia kwenye daladala za Mbagala, na nilikuwa nimelikumbatia begi langu kama mtu aliyekabidhiwa mtoto mchanga. Ndani mlikuwa na mashati mawili na flashi. Sikuwahi kufika Pemba. Wala, na hili sikumwambia aliyenituma, sikuwahi kuendesha programu ya Windows ndani ya Linux. Nilikuwa nimesoma tu.

Aliyenituma ni rafiki yangu wa chuo. Baba yake ana duka la vifaa vya ujenzi Wete, na tangu mwaka 2004 hesabu zake zote ziko kwenye programu aliyotungiwa na kijana wa mtaani: stoo, mauzo, madeni. Kompyuta yenye Windows XP ilikufa, diski yake ikapona. Kijana alishahamia Muscat zamani na namba yake haipatikani. Kilichobaki ni laptopu ya rafiki yangu yenye Ubuntu, aina ya Linux, ambayo mzee aliiita "hii isiyojua kitu".

Njia ya kwenda Wete hupanda na kushuka vilima, na pembeni karafuu zimeanikwa juu ya mikeka. Harufu yake ilinifuata mpaka kitandani.

Asubuhi nilijitolea kwenda sokoni. Nikamwambia mama muuzaji nataka viazi kilo mbili na nikamuuliza mkate unauzwa wapi. Hakunisahihisha. Alipima mbatata, akazifunga, akaniambia boflo ziko duka la pili. Nilirudi nyumbani na kila nilichotaka, na hakuna hata kimoja kilichokuwa na jina nililolitaja. Sikujua kwamba nimeshafundishwa kazi iliyonileta.

Kwa sababu programu ya Windows nayo ni mgeni wa aina hiyo. Ikitaka faili, haiigusi diski kwa mkono wake. Huomba, na ombi lake huitwa CreateFile. Linux haijapata kulisikia jina hilo. Kwake kazi ileile huitwa open. Wine, programu niliyokuwa nimeisoma, ndiye yule mama wa sokoni: hupokea ombi la Kiwindows, hutoa kitu cha Kilinux, na mgeni haambiwi. Prosesa ni ileile ya Intel, kwa hiyo amri zenyewe za programu hupita moja kwa moja bila kufasiriwa. Kinachofasiriwa ni maombi.

"Inaitwaje?" mzee aliuliza.

"Waini, baba."

Akanitazama. Bahati mbaya alama yake kwenye skrini ni bilauri ya mvinyo mwekundu, iliyoinama kidogo kama inayotaka kumwagikia kibodi. Nikajieleza haraka kwamba ni kifupisho cha maneno ya Kiingereza yanayosema programu hii si ya kuigiza mashine. "Astaghfirullah," akasema, "walikosa jina?" Lakini alivuta kiti karibu.

Wine ilianzishwa mwaka 1993 na Bob Amstadt, na tangu mwaka uliofuata anayeiongoza ni Alexandre Julliard. Toleo la 1.0 lilitoka Juni 2008, baada ya miaka 15. Ukiona ni uvivu, fikiria kazi yenyewe: unajenga upya jiko la jirani ambalo hukuruhusiwa kuingia, kwa kuonja tu vyakula vinavyotoka. Na chakula kilichoungua lazima nacho kitoke kimeungua vilevile, maana zipo programu zilizozoea kasoro za Windows na bila kasoro hizo haziendi.

Nilibofya. Dirisha likafunguka, likalalamika halioni msvbvm60.dll, likafunga. Hilo ni faili la kuendeshea programu zilizoandikwa kwa Visual Basic 6. Ipo zana iitwayo winetricks inayoleta vitu kama hivi, ila huvitoa intaneti, na bando langu lilikuwa linachechemea. Faili likapatikana. Kisha ikadai njia ya kusomea hifadhidata ya Access, nikaagiza jet40, na hapo umeme ukakatika. Umeme wa Pemba hutoka Tanga kwa waya uliolazwa chini ya bahari tangu 2010; siku hiyo hata mimi niliyetoka ng'ambo nilijihisi mwenzake. Uliporudi nikagundua nimekosea tangu mwanzo, nilipaswa kutenga mazingira ya biti 32 peke yake. Nikafuta yote, nikaanza upya.

"Diski C iko wapi humu?" mzee alitaka kujua. Nikamwonyesha: folda ya kawaida iitwayo drive_c, imefichwa ndani ya folda nyingine. Programu inaamini iko C. Akacheka kwa mara ya kwanza.

Baada ya alasiri ukurasa wa madeni ulitokea, wenye rangi ileile ya kijivu. Mzee akasoma mstari mmoja na kukunja uso. Deni la tarehe 7 Machi lilisomeka la 3 Julai. Wine huchukua desturi ya tarehe kutoka Linux, na laptopu ilikuwa imepangwa Kimarekani, mwezi mbele. Nikaiwasha programu tena kwa mpangilio wa Kiingereza cha Uingereza, Machi ikarudi. Printa ya risiti ilinichosha zaidi: programu ilijua tundu la LPT1 tu, na printa ilikuwa ya USB. Nikaunganisha jina la zamani na tundu jipya, ikakwaruza karatasi kwa kelele iliyowaleta watoto mlangoni.

Mzee alirudi kwenye madeni. Alishuka taratibu, kidole kikigusa skrini, akasimama kwenye jina moja.

"Huyu kafa. Mwaka wa tatu sasa." Akanyamaza. "Pa kusamehe pako wapi?"

Tulitafuta kwenye menyu zote. Kijana wa 2004 hakuweka kitufe hicho. Mzee akavuta kibodi, akaandika deni lote kwamba limelipwa, akaniambia nisichape risiti.