Kabla Watoto Hawajafika

Jumatatu, 2 Desemba 2024. Migori

Kikao cha chama chetu kimeamua: tunakwenda Thimlich Ohinga, kwenye ukuta wa kale wa mawe, Jumanne tarehe 17. Ijumaa na Jumamosi hazifai kabisa, huku kwetu siku hizo ni za matanga. Jumapili ni ya kanisa. Ikishapita tarehe 20 nauli inapanda, watoto wanaanza kuingia kutoka Nairobi na Mombasa wakiwa na wajukuu, na kuanzia hapo kila mmoja wetu ni mpishi na mlezi. Furaha hiyo naipenda na naingoja mwaka mzima. Ila tunataka siku moja iliyo yetu wenyewe kabla yake.

Mwenyekiti alisema jambo lililonyamazisha kikao. Sisi tuliofundisha pamoja, tukauguza pamoja, tumegeuka watu wa kukutana kaburini. Tunasalimiana huku tumeshika karatasi ya ratiba ya mazishi, tunakula wali upesi upesi, tunaagana. "Mchango wa jeneza hatujawahi kukosa," alisema. "Wa kumwona mwenzetu akiwa hai ndio unaotushinda." Ndiyo sababu ile mia tano tunayoweka kando ya mzunguko kila mwezi haiguswi kwa matanga. Mhazini, mama wa Kehancha aliyestaafu unesi, ameilinda kwa ukali, na mimi namuunga mkono.

Alhamisi, 5 Desemba. Homa Bay

Nimekuja kumwona shemeji. Namwita shemeji kwa sababu marehemu mkewe alikuwa rafiki yangu tangu tukiwa chuo cha ualimu Asumbi. Njiani malori ya miwa yalitubana pale Awendo, tukachelewa kufika Rongo, nikabadilisha gari hapo.

Alikuwa msimamizi wa majengo ya serikali. Alistaafu mwaka 2007 akiwa na miaka 55, maana umri wa kustaafu haukuwa umepandishwa kufika 60. Hilo lilikuja mwaka 2009. Kwa hiyo amekaa nyumbani miaka 17, na tangu mkewe afariki amekuwa mtu wa ndani ya ua tu. Nyumba yake iko upande wa Got Asego, na ukisimama mlangoni unaliona ziwa lote lile. Yeye kiti chake amekielekeza ukutani.

Nikamweleza safari. Akasema ana kuku wa kuangalia. Nikamwambia kuku wataangaliwa na kijana wa jirani. Akasema magoti. Nikamwambia magoti ya wote ni yale yale. Hapo akaniuliza, taratibu, "Shemeji, nikifika huko nitaongea nini na watu?" Sikuwa na jibu la haraka. Mtu anaweza kusimamia mafundi mia, kisha akaogopa meza ya marafiki zake. Nimeyaona haya kwa walimu wakuu, kwa matabibu, hata kwa mchungaji mmoja. Siku kazi inapokwisha simu inanyamaza, na baada ya muda mtu anaanza kuamini kwamba hana la kusema.

Nilimwachia nauli mezani, chini ya redio. Jioni nimekula ngege karibu na gati, amekaangwa vizuri, na ugali wa mtama.

Alhamisi, 12 Desemba. Migori

Jamhuri. Nimetazama gwaride kwenye televisheni huku nikichambua wimbi. Mhazini amegawa kazi: mimi chai na mandazi, wenzetu wa Rongo wataleta ndizi, wa Homa Bay samaki, yeye mwenyewe nyama. Shemeji hajapiga simu.

Jumanne, 17 Desemba. Usiku

Amekuja.

Sisi wa Migori tulipitia upande wa Macalder, wenzetu wa Homa Bay wakapitia Rodi Kopany na Ndhiwa. Tulipofika, gari lao lilikuwa limeshatangulia. Yeye alikuwa amesimama kando, amevaa koti la kazini lenye mifuko mingi, anautazama ukuta.

Nilidhani naujua ukuta ule kwa sababu ya kuufundisha. Ni mawe matupu, hakuna saruji, hakuna hata udongo wa kushikia, na mahali pengine unafika mita 4 kwenda juu. Inasadikiwa ulijengwa karne ya 16. Mwaka 2018 UNESCO iliuingiza katika Urithi wa Dunia, na siku hiyo tulipiga vigelegele. Lakini kwa nini haujaanguka? Hilo sikuwahi kulieleza darasani.

Shemeji ndiye aliyelieleza, na hakuna aliyemwomba. Kijana wa kutembeza wageni alikuwa akiongea habari za maadui na wanyama wakali, mama mmoja akauliza mawe yanashikwa na nini. Shemeji akasogea, akaweka kiganja juu ya jiwe bila kulisukuma. Akasema tusidhani huu ni ukuta mmoja. Upande wa nje umepangwa peke yake, na wa ndani peke yake, halafu katikati wakashindilia mawe madogo ya kuziunganisha pande hizo mbili. Akatuonyesha jiwe moja refu lililolala kwa kuingia ndani, na jinsi mawe mawili yaliyo juu yake yanavyolikandamiza. Akatuonyesha pale walipoongezea mhimili wa mawe ili ukuta usilale. "Huyu fundi," alisema, "hakuwa na kamba wala pima maji. Angalia mstari huu." Tukaangalia. Yule kijana naye akatoa daftari, akaandika.

Milango imefanywa mifupi kwa makusudi, ili adui aingie ameinama. Tuliingia tumeinama kweli, mmoja mmoja, huyu akimshika mwenzake mkono, na bibi wa Awendo akasema afadhali maadui wa zamani walikuwa vijana. Tulicheka mpaka ikabidi tukae chini.

Chakula tulikilia nje, chini ya mti. Mama wa Kehancha alikaa karibu nami, akasema jambo zuri: waliokaa humu hawakuwa kabila moja, Wabantu na Wajaluo walipokezana, kila aliyekuja akatengeneza alipokuta pamebomoka. Yeye Mkuria, mimi Mjaluo, tumelea watoto wetu mtaa mmoja Migori, na kuna miaka ya uchaguzi ambayo tulilala macho. Nilimpa mfupa wenye nyama.

Wanaume walitoa bao. Shemeji alicheza na Mwenyekiti, akamfunga, wakarudia, akamfunga tena. Aliongea. Habari za madaraja, za wakandarasi wa miaka ya themanini, za mkewe pia. Alimtaja kwa jina mbele yetu wote kwa mara ya kwanza tangu tumzike, akasema angependa sana kuwa hapa. Wanawake wawili tuliomjua tulilia kidogo, naye akaendelea kula kete.

Ijumaa, 20 Desemba. Migori

Binti yangu amepiga simu, yuko Narok na watoto, watafika usiku. Maharagwe yako motoni. Vitanda nimevitandika tangu jana.

Mhazini amepita na hesabu. Fedha zimebaki, si nyingi, na zimebaki kwa sababu dereva wa Homa Bay alikataa malipo ya kungoja. Baba yake yumo kwenye chama. Mhazini ameleta pia ujumbe: shemeji anataka kikao cha Januari kifanyike kwake Got Asego, na anapendekeza safari ijayo iwe Rusinga, kwenye kaburi la Tom Mboya. Anasema wengi wetu tulikuwa shule ya msingi Mboya alipouawa Julai 1969, na kila mtu akumbuke alikuwa wapi aje asimulie huko huko kisiwani. Mimi nakumbuka vizuri. Nimemwambia Mhazini aandike jina langu, na la mjukuu wangu mkubwa, kama Mwenyekiti atakubali vijana waje kusikiliza.

Mia tano ya Januari nimeshamkabidhi.